Sentimita Tano Chini ya Sinki

Kwa miaka minane familia moja iliosha vyombo uani, ingawa jikoni kulikuwa na sinki jeupe lisilo na ufa. Tatizo lilikuwa chini yake. Maji yalisimama, yakashuka kwa kujivuta, na ikifika mchana wa joto jiko zima lilinuka makombo yaliyolala.

Aliyelifunga sinki hilo ni baba wa familia, mwashi mstaafu. Mtaani anaitwa Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kunyooshea kuta, kwa sababu hakuna ukuta wake uliowahi kwenda upande. Kwa heshima yake hakuna aliyesema neno. Mkewe alifunika tundu la sinki kwa kisahani, na kisahani kikazoeleka kama samani.

Mke wa mwanawe, anayeishi nao, mwenye miaka thelathini na minane, ni fundi bomba mwenye cheti. Alisomea kazi hiyo akiwa tayari na watoto wawili, mwanamke peke yake katika darasa la wanaume ishirini na wawili. Kutwa anaitwa majumbani mwa watu. Kwake hakuwahi kulegeza hata nati moja.

"Fundi wa mtaa mzima," wifi yake humwambia kila akija, akichuchumaa penye beseni la uani, "na kwako tunachutama kama tuko kambini! Wateja wako wanajua?"

"Wewe sugua sufuria, wifi. Ulimi utakauka."

Fundi hucheka, lakini neno hilo lilimchoma. Alitaka kitu kimoja: awe fundi na nyumbani pia.

Jumamosi moja asubuhi alimfuata baba mkwe wake barazani. Hakumwambia sinki limekosewa. Alimwomba pima maji yake, ile yenye kiputo cha kuonyesha usawa.

"Ya nini?"

"Kuna bomba nataka kulipima, Baba. Ila uje uisome mwenyewe. Jicho lako ndilo ninaloliamini."

Mzee alimtazama. "Ukivunja ukuta wangu utaujenga wewe."

"Sitagusa hata plasta."

Wakapiga magoti chini ya sinki, mzee na tochi yake. Pale kuna kipande kilichopinda, ambacho hubakiza maji kidogo ili hewa ya mtaro isipande jikoni. Kutoka hapo bomba huingia ukutani. Mzee aliilaza pima maji juu ya bomba hilo. Kiputo kikakimbilia ukutani. Akaigeuza, kama mtu anayeshuku mizani ya dukani. Kiputo kikarudi palepale.

"Linapanda," alisema.

"Linapanda, Baba. Miaka minane tunayapandisha maji mlima."

Mzee alipitisha kidole pembeni mwa tundu la ukutani. "Nililipitisha kwenye kiungo, kati ya tofali na tofali. Sikutaka kutoboa tofali zima." Lilikuwa kosa la mwashi hasa: aliuhurumia ukuta, akayasahau maji. "Lete tindo. Nivunje mwenyewe."

"Tulia, Baba. Ukuta uko sawa. Bomba la kutoka kwenye sinki ndilo refu."

Alifungua nati kwa mkono, akakinga maji meusi kwa ndoo, kisha akalitoa bomba hilo linaloning'inia kutoka kwenye sinki. Akapima kwa futi kamba mara mbili, akakata sentimita tano kwa msumeno, akalainisha ukingo kwa msasa na kuweka mpira mpya. Alipofunga, kile kipande kilichopinda kilikuwa kimepanda juu, na bomba la ukutani likateremka.

Timazi akaweka tena pima maji. Kiputo kilisogea upande wa sinki, kidogo.

"Kidogo hivi tu?"

"Hivi tu. Likiteremka sana litanyonya maji yote kwenye kile kipande kilichopinda, harufu irudi."

Alijaza sinki hadi juu, akachomoa kizibo. Maji yalizunguka, yakaguna mara moja, yakaisha. Mzee alipitisha karatasi kavu chini ya kila nati. Ilitoka kavu. Aliirudia nati ya mwisho, tabia ya kazi.

Mchana wifi alifika, akaelekea uani kwa mazoea.

"Wewe, unakwenda wapi?" mzee alimwita kutoka dirishani. "Vyombo vinaoshwa ndani. Fundi wetu kamaliza."

Fundi aliinamia sanduku lake, akatafuta kitu ambacho hakikupotea.

Kile kipande cha sentimita tano hakikutupwa. Timazi anatembea nacho mfukoni mwa shati, na waashi wenzake wakija barazani hukitoa kabla hawajakaa vizuri. "Hiki tu ndicho alichokata," huwaambia. "Ukuta hakuugusa."