Mkono wa Tarsis

Theophil alikuwa akipima vitambaa dukani kwa Tulsidas, Kariakoo, siku bwana mmoja wa redio alipomsikia akinadi khanga, akasimama kumsikiliza, akampa kazi ya kutangaza mpira. Hiyo ilikuwa 1961. Kufikia 1974, mwaka wa foleni za unga, nchi nzima ilitazama mpira kwa macho yake. Wa Kigoma na wa Newala waliona alichokiona Theophil, basi.

Sifa hiyo ilimfunga kama kamba. Hakuvaa shati la kijani, maana ndiyo rangi ya klabu ya Radi, wala jekundu, lisije likamfanya mtu wa Mshale, wapinzani wao. Harusi za wachezaji alizikwepa. Dada yake Josepha alipomleta mwanawe Tarsis kutoka Marangu, na Mshale wakamsajili, Theophil alimtafutia chumba Magomeni, mbali na kwake, akamkataza kumwita mjomba mbele za watu. Hakuna aliyejua.

Mei ile, Mshale na Radi, dakika ya themanini na nane, uwanja umegeuka tope, Mshale wakapata goli. Mwamuzi alilikubali. Lakini kutoka kibanda cha watangazaji, juu ya jukwaa, Theophil alikuwa ameona, na mdomo uliozoea kusema kilichoonekana ulikwisha kusema: Tarsis kaupiga kwa mkono. Neno la redioni halina kurudi.

Kesho yake alasiri alikwenda kwenye benchi la kahawa Mtaa wa Kongo, kijiwe cha watu wa Mshale. Asingekwenda, ingekuwa amekiri kwamba alidanganya. Nassibu muuza kahawa alimjazia kikombe bila salamu. Kashata zilikwisha kupotea pamoja na sukari, kwa hiyo watu walitafuna maneno. Waliapa mpira ulimgonga kijana kifuani. Wakauliza, kwa mafumbo, macho ya watu wengine huvaa jezi gani. Kisha Anselmi, fundi cherehani aliyemsifu Theophil miaka yote, akaweka kikombe chini.

"Mzee Theophil, hivi kadi yako ya Radi namba ngapi?"

Wakacheka.

Jibu alikuwa nalo kinywani: yule ni mtoto wa dada yangu. Nani humchongea damu yake kwa ajili ya Radi? Wangenyamaza wote, na jina lake lingetakata. Lakini hapo hapo wangejua kwamba mkono ulikuwa wa kweli, na Tarsis asingepita tena Mtaa wa Kongo. Kijana alikuwa safi kwao kwa sababu moja tu, kwamba mtangazaji ni mwongo.

"Kumi na nne," alisema Theophil.

Kicheko kilikatika. Walikuwa wametaka akatae.

"Tangu lini?" Anselmi aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Zamani, bwana."

Anselmi alimtazama kama mtu aliyeibiwa, akainuka, akaiacha kahawa yake.

Jumamosi Theophil alipanda tena ngazi za kibanda. Alijua Anselmi angefungulia redio na kumtukana, na asingeizima, maana redio ya nchi ilikuwa moja na sauti ilikuwa hiyo. Akaanza kutaja kikosi cha Mshale. Alipofika kwa Tarsis alilitaja jina lile taratibu, kama la mtu asiyemjua, akaenda kwa mwingine.