Nyumba Isiyo na Mgomba

Juzi niliona karavani mpya ikivutwa na gari kuelekea Meru, nikakumbuka ile iliyosimama kwetu Kanja alasiri moja nilipokuwa mtoto. Wenyewe, mume na mke kutoka Nairobi, walitufungulia mlango. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko, hata mapazia, na kote kulinukia plastiki mpya. Nilitembea kwa kunyata kama niko kanisani.

Cucu, mama wa baba, aliizunguka polepole akigongagonga magurudumu. "Nyumba nzuri, wanangu, na kuhama ni kuvuta tu. Lakini ndizi mnapanda wapi?"

Walicheka. Cucu akawakatia mkungu mzima. Nilidhani ni malipo ya sisi kuchungulia.

Kumbe aliwahurumia. Siku hizi nimepanga nyumba mjini Embu, orofa ya nne, bila mgomba wala magurudumu. Cucu angeiona, mimi angeniletea mikungu miwili.