Kichupa Alichokiacha Shimba

Kaka yangu Shimba ananichosha. Mapenzi anayo tele, ila akili huwa anaazima kwa jirani.

Mkewe, wifi yangu Getruda, mama yake Nkwabi, huanika dagaa hapa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na kuwauza sokoni Mabatini. Miaka minne iliyopita alitolewa utumbo mpana wote kwa sababu ya ugonjwa. Tangu hapo choo chake hutokea tumboni, kwenye mfuko anaoumwaga mwenyewe. Nyumbani kwao mfuko huo hautajwi. Baba yetu alitulea tukijua mwanamume haulizi habari za choo cha mkewe, na Shimba alijiona mstaarabu kweli kwa kukaa kimya.

Kipindupindu kilipoingia mwaloni, ikaletwa chanjo ya kunywa. Getruda alimuuliza nesi kama itamsaidia mtu asiye na utumbo mpana. Akajibiwa kwamba chanjo ile hufanya kazi yake kwenye utumbo mwembamba, na huo anao. Akanywa, akarudi kwenye dagaa wake. Hakumwambia mtu. Nani aliuliza?

Shimba yeye alimsikiliza Masalu, jirani yao mshona nyavu, aliyejifanya daktari na kueleza kwamba dawa ya mtu wa namna ile huishia yote mfukoni, labda anywe dozi mbili. Basi mume mwema akapanga foleni, akadai hawezi kunywa dawa kabla hajala, na mhudumu aliyechoka akamwachia kichupa chake. Akaenda kukimimina kwenye uji wa mkewe, kimyakimya.

Wiki tatu baadaye tulimbeba Shimba hadi kwenye hema la wagonjwa, macho yamedidimia, midomo imekauka. Walimtundikia dripu mikono yote miwili. Getruda, mzima kabisa, ndiye aliyemsafisha. Hapo ndipo bwana mkubwa alipokiri habari za uji. Nilitaka kumzaba kibao, zile dripu zikamwokoa.

Getruda hakupandisha sauti. "Baba Nkwabi, nesi alishanijibu siku ileile. Ungeniuliza tu."

"Ningeanzia wapi?"

"Miaka minne unalala ubavuni mwangu."

Shimba akageukia turubai. Nilidhani amesinzia. Nesi alikuja akabadilisha chupa, akaondoka, ndipo kaka yangu akasema bila kugeuka, "Huo mfuko. Unauma?"

Wifi yangu akaketi chini, akalia kuliko alivyolia siku aliyopasuliwa.