Niling'oa Taa ya Oili, Nikamuuzia Gari Mwanafunzi Wangu

Kosa ni langu peke yangu, na nilitenda nikiwa na akili timamu. Sikusukumwa na njaa wala na mtu. Jina langu naliacha, na ya wenzangu nimeyabadili, kwa sababu aibu yangu inawagusa watu wasio na hatia. Lakini wewe unayesoma nichukulie kama mtu aliyekaa karibu nawe barazani akakueleza kwa sauti ya chini.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Bagamoyo. Nimewasomesha Kurani watoto ambao sasa wana watoto wao. Wakubwa nawasomesha fikihi pia, yaani sheria za dini, na mlango ninaoupenda kuliko yote ni ule wa biashara. Mwenye kuuza kitu chenye aibu, yaani kasoro, naye anaijua, ni wajibu wake aitaje kabla hajapokea thamani. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi hata nadhani naweza kuyasema usingizini.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Nilikuwa na motokaa kuukuu, yenye nafasi ya mizigo nyuma. Nilijifunza kuendesha wakati wa vita, nikanunua hiyo baadaye, na Mwenyezi Mungu akanibariki nayo. Nilipelekea nazi Dar es Salaam, nilibebea wagonjwa, na mara nyingine maiti wa watu wasio na uwezo. Sikuacha kushukuru kwa neema hiyo.

Mbele ya usukani palikuwa na taa mbili ndogo, kila moja kama punje ya mahindi. Nyekundu ilikuwa ya betri, ya manjano ilikuwa ya oili. Ukigeuza ufunguo zinawaka zote mbili. Injini ikishika, zinazimika zote mbili. Hapo unajua kwamba taa ni nzima na gari halina la kulalamikia.

Mwaka ule ya manjano ikaanza kuchelewa kuzimika. Kisha ikawa inapepesa kila nikipunguza mwendo baada ya safari ndefu, injini ikiwa imepata moto. Nikaenda kwa fundi mmoja Dar es Salaam. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili imejaa. Akaguna.

"Shehe, oili ipo, lakini haisukumwi. Ndani kumelika. Ukiona taa hii inawaka na gari linakwenda, usijiambie ngoja nifike pale mbele. Zima injini papo hapo, ipoe. La sivyo chuma kitasaga chuma mpaka kishikane."

"Na dawa yake?"

"Kuifungua injini yote. Si kazi ndogo."

Nilikuwa nakusanya nauli ya kwenda Makka. Kuitengeneza injini kungeila nauli yote, na kuliuza gari kungeikamilisha. Nikarudi Bagamoyo taratibu, nikisimama kila ilipowaka. Naam, kusimama nilijua. Gari likiwa langu nilililinda.

Mnunuzi akapatikana upesi, tena katika watu wangu mwenyewe. Shomari alisoma kwangu tangu alif mpaka akahitimu. Alikuwa akichukua samaki wa kukaanga na nazi kupeleka Lugoba, kwa kubahatisha malori ya watu, na malori yakichelewa samaki walimharibikia. Akatamani gari lake mwenyewe. Mama yake, Bi Mwanaidi, mjane wa Kaole, alikuwa na shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe. Shomari alipomwambia kwamba gari linalouzwa ni la maalim, mama yule akakubali minazi iuzwe.

Nilijua hayo yote. Nilijua pesa inatoka wapi.

Siku moja kabla Shomari na mashahidi wake hawajaja kununua, baada ya sala ya alasiri, nikaingia garini. Nikapenyeza mkono nyuma ya ule ubao wenye taa, nikaipapasa ya manjano, nikaizungusha, ikatoka. Kioo chake kidogo kilikuwa bado kina ujoto, maana nilikuwa nimeiwasha kuijaribu. Nikageuza ufunguo nione. Ikawaka nyekundu peke yake, na injini iliposhika ikazimika vizuri. Mtu asiyejua angeona gari lenye taa moja, nayo nzima.

Glopu yenyewe nikaitia kwenye bweta langu, kisanduku cha vitu vidogo. Haikuwa imeungua, na mimi sipendi kutupa kitu kizima. Tazama uchaji wangu ulikokuwa umekimbilia.

Walipokuja barazani kwangu, fundi Abedi alikuwa akipita na mkoba wake wa spana. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza magari machache ya hapa mjini. Akasimama, akamwambia Shomari, "Niliangalie hilo kabla hujafungua mfuko? Bure, ujirani tu."

Shomari akacheka. "Ulikague gari la maalim? Kesho utataka kukagua na udhu wake."

Watu wakaangua kicheko. Abedi naye akacheka, akainua mikono, akaenda zake. Mimi nilicheka pamoja nao. Namuomba Mola anisamehe kile kicheko kabla ya yote.

Kisha nikasema, "Nimekuuzia kama unavyoliona." Nilidhani nimejitoa kwa maneno hayo. Lakini nilijua vizuri kwamba hayamwokoi mtu anayeijua aibu na kuificha. Nimewasahihisha wanafunzi juu ya suala hilo hilo.

"Nimekubali, maalim," akasema Shomari, akaubusu mkono wangu. Tukasoma Fatiha.

Gari lilimchukua majuma machache tu. Safari hiyo alikuwa amepakia samaki, anaelekea Lugoba, jua kali, njia ya mchanga. Yeye mwenyewe alikuja kunieleza, shati limemganda mwilini, macho mekundu.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Vipi?"

"Nimeliua gari lako." Alisema lako, si langu. "Lilikuwa linakwenda vizuri. Nikasikia kama mtu anagonga kwa nyundo ndani. Nikasema nifike kijiji cha mbele nipate maji. Halafu likasimama ghafla, magurudumu yakaburuzika. Injini haizunguki hata kwa kusukumwa."

"Taa haikuwaka?" Ulimi wangu uliuliza hivyo. Nilitaka kujua kama anajua.

"Haikuwaka, maalim. Nilikuwa naitazama ile nyekundu kila mara, kama ulivyonifundisha."

Kweli, nilimfundisha hiyo nyekundu. Nilikaa naye kiti cha mbele nikamwonyesha kwa kidole.

Nikamwambia asubiri, ni mitihani ya dunia, Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Akainamisha kichwa akasema, "Alhamdulillahi." Akanishukuru kwa nasaha. Akaondoka.

Gari lilivutwa na lori mpaka kwa fundi Abedi. Nilikwenda, maana nisingekwenda ingeonekana ajabu. Abedi alifungua, akachungulia, akafuta mikono.

"Imeshikana. Taa ya oili haikuwaka?"

"Taa ya oili ni ipi?" akauliza Shomari.

Abedi akaingiza mkono nyuma ya ule ubao, akapapasa. "Hii hapa nafasi yake. Tupu. Glopu haipo."

"Labda ilidondoka," akasema Shomari. "Njia ile ina mashimo."

"Glopu hii haidondoki kama embe, bwana. Mpaka uishike uizungushe."

Shomari akakunja uso. "Abedi, unataka kusema nini? Maalim huyu hapa amesimama."

"Sijasema kitu. Namweleza mwenye gari."

"Basi kama huna la kusema, usiseme. Gari limekufa mkononi mwangu, mimi ndiye sikujua kuendesha."

Wote wawili wakaniangalia. Ule ulikuwa ndio wakati wangu. Neno moja tu lilihitajika. Nikasema, "Vitu vya chuma havina dhamana, wanangu. Tumshukuru Mungu hakufa mtu."

Abedi akainama akaanza kukusanya spana zake. Hakuniangalia tena siku ile.

Habari ikaenea kwamba Shomari ameua injini kwa ujinga wake. Sokoni wakamwita Mvunja Gari. "Mvunja Gari, njoo unisukumie mkokoteni wangu, huo hauna injini." Alicheka nao, lakini alianza kupita njia za nyuma. Akarudi kubahatisha malori, na wenye malori wakawa wanamkatalia kukaa mbele, eti ana mkosi.

Mimi nilikuwa najiandaa kwa safari. Nilikwisha kununua ihramu, zile shuka mbili nyeupe za kuhijia.

Ndipo Bi Mwanaidi alipokuja, jua limeanza kupinda. Alikuwa na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa. Tukaamkiana, akaketi mkekani, akavuta ukaya wake.

"Maalim, nimekuja kukushukuru. Mwanangu angepotea kama usingemtuliza. Analia ndani kama mtoto, anasema amenimalizia shamba la baba yake. Mimi namwambia, minazi ilipandwa na mtu, na mtu akafa, sembuse minazi."

Akaisogeza sahani mbele yangu.

"Nina ombi moja. Ukifika kwenye Nyumba ya Mola, muombee mwanangu apate akili ya kushika chombo. Hana ubaya, ila mzembe. Mkono wake mzito."

Nilitazama ile sahani. Nilijua kwamba nikila kitumbua kimoja cha mama huyu, kisha nikaenda kuizunguka Kaaba kwa bei ya minazi yake, sitakuwa na pa kurudi. Nikainuka, nikaleta bweta, nikaitoa glopu, nikaiweka mkekani mbele yake. Nikamwambia yote.

Hakulia. Hakupiga kelele. Aliitazama ile glopu kama mtu anayetazama jino la mtoto.

"Uliitoa lini?" akauliza.

"Siku moja kabla ya mauzo."

"Saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Ulikuwa umetoka kusali."

"Ndiyo, bibi."

Akairudisha glopu upande wangu kwa kidole. Kisha akasema, "Usinililie mimi. Mimi uliniibia minazi tu. Yule umemfanya ajidharau. Nenda ukamwambie, na Abedi awepo, na wale wa sokoni wawepo."

Akavaa viatu vyake. Akaichukua sahani yake ya vitumbua, imefunikwa vile vile, akarudi nayo Kaole.

Nilikwenda siku ya pili yake, baada ya sala ya Ijumaa, wakati watu wa sokoni wamejaa kwa Abedi, Shomari akiwamo. Nilisema nikiwa nimesimama. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, taa niliing'oa mimi, nilijua injini ina aibu, Shomari hana kosa lolote, na Abedi alisema kweli mbele yangu nami nikanyamaza.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu kutukanwa. Abedi alinisogezea kigoda nikae.

Shomari alikuja akasimama mbele yangu. Kisha akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo.

"Maalim, kwa nini hukuniambia tu? Ningelinunua vile vile. Ningejua tu kulisimamisha."

Nilimrudishia thamani yote, nauli ya Makka ikaondoka pamoja nayo. Gari nikalichukua mzoga. Nilikwenda mwenyewe kwa aliyenunua minazi, nikamsihi aiuze tena kwa mama yule. Akakataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Shamba la Bi Mwanaidi halijarudi. Yeye sasa hununua nazi za kukuna sokoni, kama watu wasio na mnazi hata mmoja.

Wazazi wengine waliwaondoa watoto wao chuoni kwangu. Sikuwalaumu. Waliobaki nawasomesha, na tukifika mlango wa biashara nawaeleza habari hii mwenyewe, wasije wakaisikia kwa watu. Sijahiji mpaka leo. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba alinikamata nikiwa bado sijapanda meli.

Shomari alinisamehe. Alisema mbele ya watu, na naamini alisema kwa moyo. Bado ananiita maalim. Bado ananiamkia.

Sasa anafanya biashara ya nazi kwa lori la kushirikiana na wenzake, na mwezi uliopita alikuja kununua zangu. Nilizimimina uani. Akachuchumaa, akaanza kuokota moja moja, akiitikisa sikioni asikilize maji. Zilikuwa nyingi. Aliokota zote. Nilisimama kando yake mpaka akamaliza.

Ewe msomaji, ukinunua gari, hata kama muuzaji ni mwalimu wako, geuza ufunguo kabla injini haijashika, utazame zile taa ndogo za mbele ya usukani. Kila nafasi ya taa iwake. Ile isiyowaka uliza habari yake, usione haya. Na ukiwa njiani ya oili ikawaka, zima gari hapo hapo, hata kama kijiji unakiona.

Na wewe unayeuza, sema. Mnunuzi wako huenda akanunua vile vile.