Mgeni wa Mwaka Kogwa

Siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huko Makunduchi, nyumba isiyolisha mgeni huhesabiwa kuwa na mkosi. Mama mkwe wangu hakuwa na wasiwasi. Asubuhi ile, mwaka wa tatu wa ndoa yangu, shoga zake walipomuuliza kama kapata mgeni, alininyooshea upawa mimi niliyekuwa nakuna nazi, akasema anaye ndani.

Iliniuma, nisiseme uongo. Wazee wenyewe husema sherehe hiyo ililetwa na Washirazi kutoka Uajemi. Hao walivuka bahari na mwaka wao mzima mkononi, wakawa wenyeji. Mimi nimetoka mtaa wa Malindi, hapo mjini tu, na sanduku moja, naitwa mgeni!

Uwanjani, wanaume wa kusini na wa kaskazini walitwangana kwa mashina ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka. Wanawake nasi tuna yetu: upande mmoja huutukana wa pili kwa nyimbo, na matusi ya siku hiyo hayana kesi. Miaka miwili nilikuwa nimekaa kando nikipiga makofi kama mtu wa matembezini. Safari hii, kwa hasira zangu, nikajitosa katikati ya kundi la kwanza nililolikuta, nikaimba kuliko wote. Nilimwimba bibi mmoja ambaye mchuzi wake ni maji matupu, mgeni akila hurudi kwao anaogelea. Bila shaka mnajua nilimfikiria nani.

Wenzangu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikainua macho kuwatazama tunaowatukana. Mbele yao alisimama mama mkwe, mikono kiunoni. Nilikuwa nimeingia kundi la mahasimu zake.

Hakunikawiza. Aliimba juu ya mwali wa mjini apikaye wali, juu mbichi, chini makaa. Uwanja mzima ukanigeukia.

Nilirudi nyumbani nikitarajia kulikuta sanduku langu nje. Nikamkuta anapakua chakula, wala hakunitazama.

“Nenda barabarani kan'tafutie mgeni,” alisema. “Nyumba hii leo haina.”

Nilikimbia bila viatu. Dereva wa gari la mjini alikuwa anajaza maji kwenye injini. Nikamvuta mkono wa shati mpaka ndani, hata jina sikumuuliza. Mama mkwe akamkaribisha mkekani na kumwomba radhi kwa ukoko, maana wali kapika mwanawe.