Pampu Iliyofuata Saa za Ugenini

Shule niliishia darasa la nne, na silisemi hilo kwa kuona haya. Duara langu, shimo la dhahabu la Rwamgasa, nililianza kwa sululu na mikono hii. Siku nilipofunga pampu inayojiwasha na kujizima yenyewe, wenye maduara ya jirani walikuja kuipiga picha. Kisanduku chake cha kuiongoza kilitoka Ulaya. Fundi wa Kahama alikipangia saa za kazi: pampu ivute maji usiku, ijizime alfajiri vijana wangu wakikaribia kuteremka, mchana wenyewe wakichota kwa ndoo. Nani mwingine alikuwa nacho? Hakuna.

Mwishoni mwa Machi vijana wakaanza kukuta maji. Si mengi, ya magotini, lakini miti inayoshikilia kuta huoza, na ukuta ukilegea hauna huruma. Tukasema ni masika. Oktoba yakapungua, tukasahau. Mwaka uliofuata mvua zilichelewa, ardhi vumbi tupu, na Machi ikiisha maji yakaja vilevile.

Hapo midomo ikamgeukia mama mmoja mjane, tuliyemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, aliyetupikia uji na maandazi karibu na duara. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Huku kwetu macho ya namna hiyo huitwa ya uchawi, na yamewaponza vikongwe wengi.

"Bosi, yule mayu anaamka kabla ya jogoo," msimamizi wa zamu aliniambia. "Anafanya nini?"

"Anapika uji unaokunywa wewe."

"Mimi nimeshaacha kuunywa."

Nilicheka. Nilidhani kicheko cha mtu kama mimi kinatosha kuzima maneno. Asubuhi moja nikakuta mafiga yake yamepigwa mateke na sufuria imetobolewa kwa mtaimbo. Mwenyewe alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda kwa kaka yake, Ushirombo.

Kwa hasira nikaanza kuja alfajiri mwenyewe. Nikaikuta pampu imenyamaza mapema, na kioo cha kisanduku kikiitangulia saa yangu ya mkononi kwa saa nzima. Nikampigia fundi.

"Mzee, huko kilikotengenezwa watu husogeza saa mbele Machi, Oktoba wanairudisha. Ukikiwekea saa na tarehe bila kukitajia nchi, kinajihesabu kiko kwao."

"Na wewe ulikitajia?"

"Nilijua kitajua."

"Kitaijuaje Rwamgasa, wakati wewe wa Nyahanga, hapo Kahama tu, unapotea njia ya kuja?"

Alikuja, akakitajia nchi yetu, akakifungia ile tabia ya kurukaruka. Nilimsimamia mpaka mwisho. Mimi kazi yangu huwa siiachi nusu. Kesho yake shimo lilikuwa kavu.

Nikawakusanya vijana, nikawaeleza habari ya saa kama mwalimu wa hesabu. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha msimamizi akasema, "Bosi, tumekuelewa. Lakini mayu ameondoka, na maji yameondoka."

"Maji yameondoka kwa sababu nimerekebisha saa."

"Sawa. Mbona haikurekebishika yeye akiwapo?"

Hakuna aliyecheka. Mimi, niliyewahi kubishana na wahandisi nikawashinda, nikawaambia warudi kazini. Laiti ningemrudisha kwanza, akakaa pale akipika, ndipo nikaleta fundi.

Nikaendesha gari hadi Ushirombo. Nilimkuta uani anapepeta mpunga.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umefuata nini?"

Nikamweleza yote: Ulaya, Machi, kisanduku. Nikamwambia nimekuja kumchukua, nitamjengea kibanda cha bati.

"Na wao wanasemaje?"

Nikatafuta uongo, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Akauona uso wangu.

"Siku mvua ya Mungu ikijaza shimo lako," alisema, "utawaeleza habari ya saa ipi?"

Aliendelea kupepeta, makapi yakinirukia viatuni. Kisha akatazama njia.

"Ondoa gari mlangoni, baba. Wifi yangu yuko sokoni, akirudi akalikuta atauliza nilichokimbia, na mimi nilimwambia nimekuja kupumzika tu."