Akiba ya Kwacha

Noti za mama zilinuka karafuu. Alizifunga kwenye kitambaa pamoja na punje chache ili mende wasizitafune, akazisukumia chini ya sanduku la nguo katika chumba chetu kimoja pale Mlandege, Iringa. Hazikuwa shilingi. Zilikuwa kwacha za Zambia, zenye picha ya tai, ambazo baba alirudi nazo kila safari ya lori, hadi safari ile aliyorudishwa akiwa maiti. Mwingine angezibadilisha mapema. Mama yangu, mjanja wa kujihami, aliziacha vilevile. Mwenye shilingi ana ndugu wengi, alituambia, lakini kwacha haipokelewi hata na muuza vitumbua, sasa nani atakuja kuiomba? Shangazi Mwanaidi, dada wa baba, alipokuja kukopa, mama alimfungulia pochi tupu na kuapa kwamba hana hata shilingi. Hakusema uongo. Akiba haiozi, alininong'oneza shangazi alipotoka, nami nikaamini kwamba sisi ni matajiri wa siri.

Kisha ukaja msimu wa baridi, upepo ukipenya hadi kwenye mifupa, na mguu wa mdogo wangu Zuhura ukavimba chini ya goti, ukawa wa moto kuugusa. Tulielekezwa hospitali kubwa ya Mbeya. Daktari alisema mfupa umejaa usaha, apasuliwe haraka, akataja na gharama. Mama hakushtuka. Alimwacha Zuhura wodini akiuma ncha ya shuka, akanishika mkono, tukaenda soko la Mwanjelwa kumtafuta mbadilisha fedha. Tulimkuta kijana wa Kinyakyusa mwenye sweta zito. Alizipekua zile noti, akazirudisha taratibu.

"Mama, hizi zimeshakufa. Zambia walikata sifuri, wakatoa noti mpya. Za zamani walitoa muda wa kuzirudisha, na muda wenyewe ulishapita."

Mama alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Halafu akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka moyo unaniuma.

"Basi nibadilishie na Malawi, baba. Si nao wanatumia kwacha?"

"Jina tu, mama. Ni kama shilingi yetu na ya Wakenya. Kila mmoja na serikali yake."

Hakumwamini. Alizunguka soko zima akimwonyesha zile noti kila aliyekutana naye: wauza mchele wa Ubaruku, madereva wa malori, hata mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu. Mwishowe alikaa chini penye matope na buibui lake, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona mama akilia hivyo, hata msibani. Niliogopa sana.

Angeweza kumpigia shangazi siku ileile. Aibu ilimfunga mdomo. Atamwombaje mtu aliyemwonyesha pochi tupu? Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, lakini mama aliendelea kuficha, siku zikipita, Zuhura akiweweseka kwa homa, hadi muuguzi alipomgombeza. Hapo ndipo alipopiga simu. Shangazi aliuza cherehani yake, akapanda basi la kwanza, akafika na fedha zimefungwa kwenye kanga. Hakuuliza swali hata moja. Lakini tulikuwa tumechelewa: daktari aliweza kumwokoa mgonjwa, si mguu. Mguu alisema haufai tena, akaukata.

Siku hizi mtoto yeyote wa Mbeya mwenye simu anajua kwacha ya Zambia imeamkaje na ya Malawi imelalaje, na noti ikikaribia kufa habari zinatufikia kabla ya mazishi. Mimi sina akiba ya kificho. Nikipata, ndugu wanajua, na wananikamua kwelikweli, wakati mwingine hadi nanuna. Sikukuu ya Idi iliyopita tulikusanyika Mlandege. Zuhura, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye mdomo mkali, alimuuliza mama mbele yetu sote kama mguu ungepona endapo shangazi angepigiwa simu siku ya kwanza. Mama aliinama taratibu, akamfunga kamba za kiatu, kile kimoja.